Kutambua kladi za virusi vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi: kutoka lengelenge hadi ripoti

Tetekuwanga na mkanda wa jeshi huletwa na virusi vilevile. Mtu akishapona tetekuwanga, virusi haviondoki mwilini. Hujificha kwenye vifundo vya neva na kukaa kimya kwa miongo mingi, kisha kinga ikidhoofika huamka na kutokeza kama mkanda. Kwa hiyo sampuli ya mkanda kutoka kwa mzee wa miaka 70 mara nyingi inakuonyesha virusi vilivyokuwa vikizunguka pale alipokulia, siyo vile vinavyozunguka mtaa anaoishi leo. Shika hilo tangu mwanzo, maana ramani nyingi za kladi (makundi ya ukoo) za virusi hivi hupotosha kwa sababu mchoraji alilisahau.

Mwongozo huu ni kwa fundi au mwanafunzi wa maabara anayejua PCR (njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA) na ana mahali pa kusomesha mpangilio wa DNA.

Hatua ya 1: Fomu kabla ya sampuli

Jaza haya: umri, nchi aliyozaliwa, nchi alikopatia tetekuwanga kama anaikumbuka, mwaka aliohama, kama amechanjwa na lini, tarehe vipele vilipoanza, na ugonjwa wenyewe ni tetekuwanga au ni mkanda. Kwa tetekuwanga, uliza pia ni nani nyumbani alikuwa na vipele wiki mbili tatu kabla.

Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Chukua bibi aliyekulia Bangladesh na sasa anaishi London. Akipata mkanda, virusi vyake vinaweza kabisa kuwa vya kladi ya 5, ambayo ni ya kawaida Asia Kusini na Afrika. Mjukuu wake aliyezaliwa London akimgusa malengelenge hatapata mkanda, atapata tetekuwanga, na itakuwa ya kladi ya bibi. Bila fomu utaandika kwamba kladi ya 5 "imeingia" London mwaka huu, kumbe ilishakuwa mle ndani ya neva za bibi tangu utoto wake.

Ficha majina. Sampuli ibebe namba tu, na orodha inayounganisha namba na mtu itunzwe kando, kwa kufuata idhini uliyopewa.

Hatua ya 2: Kuchukua sampuli

Kigaga kikavu ndicho chaguo langu la kwanza. Kimejaa DNA ya virusi, hakihitaji kimiminika cha kusafirishia, na hustahimili safari. Bandua viwili au vitatu kwa kibano safi, uviweke kwenye kichupa kikavu kinachofungika vizuri.

Kama vipele bado vibichi, toboa lengelenge kwa sindano safi, kisha sugua kitako chake kwa pamba ya sampuli. Sugua kwa nguvu kiasi, kwa sababu virusi hivi hushikamana sana na seli, na majimaji peke yake hayatoshi kila mara. Mate na maji ya uti wa mgongo yanafaa kwa uchunguzi wa ugonjwa, ila DNA yake huwa kidogo mno kwa kazi ya jenomu nzima, yaani kusoma DNA yote ya virusi.

Usioteshe virusi kwenye seli kama unaweza kuepuka. Vinakua polepole, na kadiri unavyovihamisha kutoka chupa hadi chupa ndivyo vinavyozidi kuwa tofauti na vile vya mgonjwa.

Hatua ya 3: Thibitisha kwamba ndivyo vyenyewe

Toa DNA kwa seti yoyote ya kawaida ya vifaa vya maabara, kisha fanya PCR ya muda halisi inayolenga virusi hivi peke yake. Malengelenge ya hapesi simpleksi yanaweza kujipanga kama mkanda, na mpoksi inaweza kuchukuliwa kuwa tetekuwanga. Sampuli ambayo ishara yake inachelewa sana kutokea iache kwenye njia ya vipande vifupi (Hatua ya 5). Ukiipeleka kwenye jenomu nzima utapata matundu matupu.

Hatua ya 4: Je, ni virusi vya chanjo?

Fanya hatua hii hata kama mgonjwa anasema hakuchanjwa. Chanjo hai nyingi za tetekuwanga hutokana na virusi vinavyoitwa Oka, vilivyodhoofishwa Japani na kundi la Michiaki Takahashi, ambaye alitangaza kazi hiyo mwaka 1974. Virusi vya chanjo huweza kujificha kwenye neva na baadaye kuleta mkanda, ingawa ni nadra kuliko virusi vya asili.

Jeni za virusi hivi huitwa kwa herufi ORF na namba. Njia ya zamani, ambayo bado inafaa pasipo na mashine kubwa, hutumia vimeng'enya vya kukata DNA:

– PstI kwenye kipande cha ORF 38. Virusi vingi vya asili hukatwa, Oka havikatwi.
– BglI kwenye kipande cha ORF 54. Oka hukatwa, virusi vya asili vilivyozoeleka Ulaya na Amerika Kaskazini havikatwi.
– SmaI kwenye kipande cha ORF 62 chenye nafasi ya 106262. Virusi vya chanjo vina C mahali ambapo vya asili vina T, na badiliko hilo linafungua mahali pa kukatia.

Watu wengi huishia kwenye vimeng'enya viwili vya kwanza, na hapo ndipo wanapokosea. Virusi vya asili kutoka Afrika na Asia navyo hukatwa na BglI, na Japani kuna virusi vya asili vinavyofanana na Oka kwa vyote viwili, kwa kuwa Oka vyenyewe vilitoka kwa mgonjwa wa huko. Kinachoitenganisha chanjo na virusi mzazi, yaani Oka kabla ya kudhoofishwa, ni ORF 62. Mpangilio wa chanjo ulipolinganishwa na wa virusi mzazi zilipatikana tofauti kwenye nafasi 42, na 15 kati ya hizo zimo ndani ya jeni hii moja.

Chanjo ni mchanganyiko wa virusi vinavyotofautiana kidogo. Ukiona vilele viwili kwenye nafasi moja ya grafu ya usomaji wa DNA, usikimbilie kusema sampuli imechafuka. Ila kama unatumia DNA ya chanjo kama sampuli ya kulinganishia, iandae chumba kingine, na kila mzunguko wa PCR uwe na kichupa cha maji matupu. Chembe ndogo tu ya DNA ya chanjo inatosha kukupa "mkanda wa chanjo" ambao haupo.

Hatua ya 5: Kipande cha ORF 22

Kwa maabara nyingi hapa panatosha. ORF 22 ndiyo jeni ndefu kuliko zote za virusi hivi, na kipande chake cha herufi 447 za DNA kina nafasi kadhaa zinazotenganisha makundi makubwa. Kizalishe kwa PCR, kisomeshe pande zote mbili, kisha kilinganishe na Dumas, virusi vya rejea vilivyosomwa jenomu nzima na Davison na Scott mwaka 1986. Katika GenBank, hifadhidata ya mifuatano ya DNA, namba yake ni NC_001348, urefu herufi 124,884. Hesabu nafasi zote kwa kufuata Dumas, na useme hivyo kwenye ripoti. Namba ya nafasi isiyotaja rejea haimsaidii msomaji.

Mfumo ulioanzia kwenye kipande hiki ulitumia herufi: E kwa Ulaya, J kwa Japani, M kwa virusi vyenye sura ya mchanganyiko. Maabara nyingine zilikuwa na mifumo yao, na kwa miaka kadhaa ilikuwa vigumu kulinganisha matokeo. Mwaka 2008 watafiti walikutana London wakakubaliana kutumia namba za kladi, na makubaliano hayo yakachapishwa mwaka 2010. Kwa kifupi:

– Kladi ya 1 na ya 3 (zamani E): Ulaya, Amerika Kaskazini, Australia. Dumas ni kladi ya 1.
– Kladi ya 2 (J): Asia Mashariki, pamoja na Oka.
– Kladi ya 4 (M2): hupatikana kwa uchache sehemu mbalimbali, Ulaya ikiwemo.
– Kladi ya 5 (M1): Afrika na Asia Kusini.

Kipande hiki peke yake hakitoshi kutenganisha kladi ya 1 na ya 3. Ongeza vipande vya jeni nyingine, ama andika waziwazi "kladi ya 1 au 3". Mimi naliheshimu zaidi jibu hilo la pili kuliko namba moja iliyobahatishwa.

Kladi mpya zinazojulikana kwa vipande tu hupewa namba za Kirumi kwa muda, na namba ya kawaida hutolewa baada ya jenomu nzima kusomwa. Ukiona "VI" kwenye makala za zamani, ndiyo sababu.

Hatua ya 6: Jenomu nzima

Nenda huku kama unachunguza mlipuko, au kama vipande vinakupa majibu yanayopingana. Kwenye kigaga DNA ya binadamu huizidi ya virusi kwa mbali, kwa hiyo nasa kwanza vipande vya virusi kwa vichunguzi maalumu, au zalisha jenomu kwa PCR nyingi zinazopishana. Panga vipande juu ya rejea kwa programu ya BWA.

Kisha ziba sehemu zinazojirudia, R1 hadi R5, kabla ya kuchora mti wa ukoo wa virusi. Urefu wake hubadilika haraka na programu huzipanga ovyo. ORF 62 hadi 64 nazo zina nakala za pili, ORF 69 hadi 71, upande wa pili wa jenomu. Usizihesabu tofauti zake mara mbili.

Kwa mlipuko, lakini, usizitupe hizo R. Jenomu za virusi hivi hufanana mno, na tofauti za herufi mojamoja zinaweza zisitoshe kukuonyesha nani kaambukizwa na nani. Huko Guinea-Bissau zilisomwa jenomu 23 kutoka kaya nane katika muda wa miezi saba. Zote zilikuwa kladi ya 5, hata hivyo ndani yake zilitokea aina nne zilizozunguka kwa pamoja, na mabadiliko ya urefu kwenye R1 yalisaidia kuonyesha matawi ya maambukizi. Anayesoma ORF 22 peke yake angeona mlipuko mmoja wa virusi vya namna moja.

Hatua ya 7: Mti, na mtego wake

Panga mifuatano kwa programu ya MAFFT, chora mti kwa programu ya IQ-TREE, na uweke angalau virusi viwili vya rejea kwa kila kladi. Halafu chora pia mtandao kwa programu ya SplitsTree. Virusi hivi vimewahi kubadilishana vipande vya jenomu, na kladi za 4 na 5 zina alama za mchanganyiko huo wa kale. Mti wenye matawi yanayogawanyika tu hauwezi kuuonyesha. Sampuli ikikaa katikati ya kladi mbili, kwanza tafuta uchafu wa sampuli mbili zilizochanganyika, kwa kuangalia nafasi zenye herufi mbili kwa pamoja. Zikikosekana, ndipo ufikirie mchanganyiko wa kweli.

Hatua ya 8: Ripoti

Tenga majedwali mawili, moja la tetekuwanga na jingine la mkanda. Usiyajumlishe. Jedwali la tetekuwanga linaonyesha kinachozunguka sasa. La mkanda lipangwe kwa nchi ya utotoni, na umri uwe safu yake yenyewe. Sentensi ya matokeo iwe namna hii: "Kladi ya 5 kwa kipande cha ORF 22, nafasi kwa rejea ya NC_001348, si virusi vya chanjo kwa nafasi ya 106262, mkanda, mgonjwa alikulia Asia Kusini."

Unapoweka mfuatano GenBank, jaza nchi ya sampuli kwenye uga wake, na kwenye maelezo ongeza aina ya ugonjwa na eneo pana la utotoni, lisiloweza kumtambulisha mtu. Rekodi nyingi zina nchi ya hospitali tu, na kwa sampuli ya mkanda isiyo na taarifa hiyo, mimi siiweki kwenye ramani.