Somo: Kata, kisia, thibitisha. Kufundisha msamiati wa Kiingereza kwa vipande vya maneno

Mwanafunzi wa Kigoma aliyesoma kila kitu kwa Kiswahili shule ya msingi anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Biolojia na Jiografia zote ziko kwa Kiingereza. Akipewa orodha ya maneno mapya ishirini akariri, ikifika Ijumaa kabaki na manne. Akifundishwa vipande ambavyo maneno hayo yameundwa navyo, mzigo unapungua, kwa sababu vipande vilevile hujirudia kutoka somo moja hadi jingine.

Tatizo ni kwamba mbinu hii mara nyingi hufundishwa nusu. Mwalimu anaonyesha namna ya kukata neno, wanafunzi wanafurahi, kipindi kinaisha. Kukata bila kuthibitisha kunazaa makosa mapya, tena yenye kujiamini. Ndiyo maana hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Vifaa

Ubao na chaki vinatosha. Ukitaka kadi za kazi za vikundi, kata karatasi ya manila vipande vya sentimita 7 kwa 10. Manila moja hutoa kadi hamsini hivi. Viambishi awali (vipande vya mwanzo wa neno) viandike kwa makapeni ya bluu, mizizi (kiini cha neno) kwa nyeusi, viambishi tamati (vipande vya mwisho) kwa nyekundu. Maboksi ya sabuni au biskuti kutoka dukani yanafaa vilevile, na hayakunjiki pembe upesi.

Hatua ya 1: Chagua vipande vichache

Fungua vitabu vya kiada vya muhula huo, siyo orodha za mtandaoni zenye viambishi mia. Orodha zile ni za kupamba ukuta. Vipande kumi na nane hadi ishirini kwa muhula vinatosha.

Viambishi awali anza na vinne: un-, re-, in- (pamoja na ndugu zake im-, il-, ir-) na dis-. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 1989 kuhusu vitabu vya shule vya huko ilionyesha kuwa hivyo vinne peke yake vinabeba zaidi ya nusu ya maneno yenye kiambishi awali. Viambishi tamati: -er na -or, -tion, -ment, -ness, -ful, -less, -able, -ly. Mizizi: port (kubeba), bio (uhai), geo (ardhi), graph (kuandika), therm (joto), hydro (maji). Ikibaki nafasi ongeza vingine kutoka kwenye mada za Biolojia.

Hatua ya 2: Anzia kwenye lugha wanayoijua

Andika ubaoni: Mha, Waha, Kiha, Buha. Uliza kipande gani hakibadiliki. Darasa zima litajibu. Kisha andika mkulima, kilimo, limika, limisha, uliza tena. Dakika tano zimetosha kuonyesha kwamba kukata maneno ni jambo wanalolifanya tangu utotoni.

Baada ya hapo waonyeshe pale lugha mbili zinapokutana. -able inafanya kazi inayokaribiana na -ika au -eka yetu: "breakable" ni kitu kinachovunjika, "readable" ni maandishi yanayosomeka. Na un- ikikaa kwenye kitenzi inafanya kazi ya -ua: "fold" ni kunja, "unfold" ni kunjua, "tie" ni funga, "untie" ni fungua, "cover" ni funika, "uncover" ni funua. Ikikaa kwenye kivumishi ndipo inakuwa "si": "unhappy", asiye na furaha. Vitabu vingi huandika tu kwamba un- maana yake ni "siyo", halafu mwanafunzi anatafsiri "untie" kuwa "kutofunga". Kosa hilo linaepukika siku ya kwanza kabisa.

re- haina kiambishi cha kulingana nacho kwetu. Waambie ni "tena" au "kurudi", mwendelee.

Hatua ya 3: Kipande kipya, neno la zamani

Usifundishe kipande kigeni juu ya neno geni. Chukua "use", "help", "teach", "care", maneno wanayoyajua. "Useful", "useless", "reuse", "user". "Helpful", "helpless", "helper". Kipande kikishakaa ndipo uhamie kwenye maneno ya kitabu.

Hatua ya 4: Kata, kisia, thibitisha

Chora duara katikati ya ubao, andika ndani "port", na chini yake: kubeba. Kushoto andika im-, ex-, trans-, re-. Kulia andika -er, -able, -ation. Wanafunzi waunde maneno, kisha kila neno lipite kwenye hatua tatu.

Kata: trans + port + ation.
Kisia: trans- ni kuvuka upande hadi upande, port ni kubeba, -ation inageuza kitendo kuwa jina. Kwa hiyo ni shughuli ya kubeba vitu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.
Thibitisha: tafuta sentensi kwenye kitabu, weka maana uliyokisia mahali pa neno, soma. Inakaa? Kisha kamusi.

Mfano uko palepale bandarini. Mzigo umetoka Dar es Salaam kwa reli ya kati, umepakiwa melini Kigoma kuelekea Kalemie au Bujumbura. Ukitoka nchini ni "export" kama ni wa Tanzania. Ukiingia Kongo au Burundi ni "import" kwao. Kama ulitoka ng'ambo na unapita tu hapa kwetu, ni "transit", na trans- wameshaijua.

Hapohapo kuna mtego, na kwa watoto wa Kigoma ni mkubwa kuliko kwa wengine. "Port" wanaijua kuwa bandari, kwa hiyo watakuambia "import" ni kuingia bandarini na "export" ni kutoka bandarini. Inaelekea sawa, lakini siyo. Ni mizizi miwili ya Kilatini iliyofanana sura: portare, kubeba, na portus, bandari. "Airport" ni ya bandari. "Portable" ni ya kubeba, na ndiyo inayomkamata mwanafunzi: redio "portable" haihusiani na bandari, ni ya kubebeka. Litumie neno hilo kama kipimo.

Kisha wape maneno yanayojifanya yana kiambishi: "uncle", "under", "reach", "corner". Ukitoa un- kwenye "uncle" inabaki "cle", ambayo si neno wala mzizi. Hilo ni rahisi. Gumu ni "really": ukitoa re- inabaki "ally", neno halali kabisa lenye maana ya mshirika, lakini "kushirikiana tena" haikai kwenye sentensi yoyote. Mkato sahihi ni real + ly. "Uniform" nayo wengi huikata un + iform. Mkato wake ni uni, moja, na form, umbo. Sare.

Neno moja usiliache: "inflammable". Liko kwenye matangi ya magari ya mafuta. Mwanafunzi anayekata na kukisia bila kuthibitisha atasema ni kitu kisichowaka, kumbe kinawaka vibaya sana. in- hiyo si ya kukanusha.

Hatua ya 5: Kipande kinapobadilika sura

Hapa ndipo wanafunzi hukata tamaa, na hapa ndipo Kiswahili kinasaidia kuliko mahali popote. Waandikie: nyumba nzuri, nyumba mbaya, nyumba mbili, kamba ndefu. Kiambishi ni n- kote. Mbele ya b kimegeuka m, kwenye -wili kimeibadilisha w kuwa b, na kwenye -refu kimeibadilisha r kuwa d. Hakuna aliyewafundisha kwamba "nyumba nbaya" ni kosa. Ulimi wenyewe unakataa.

Sasa in-: "incorrect", "inactive", lakini mbele ya p, b na m inakuwa im-: "impossible", "imbalance", "immature". Mbele ya l inakuwa il-: "illegal". Mbele ya r, ir-: "irregular". Sababu ni ileile ya ulimi. Mwanafunzi akiliona hilo, haandiki tena "imature" kwa m moja, kwa sababu anajua m ya kwanza ni ya kiambishi na ya pili ni ya neno.

Tahajia za mwisho wa neno zinahitaji mazoezi tu: y inakuwa i ("happy", "happiness"), e inadondoka ("use", "usable"), na baadhi ya vitenzi hubadilika mzizi ("decide", "decision", "describe", "description", "permit", "permission"). Hizi ziandikwe jozi jozi. Mkazo pia huhama: katika "photograph" uko mwanzo, katika "photography" unahamia silabi ya pili. Wasomee kwa sauti, wasijifunze kwa macho tu.

Hatua ya 6: Daftari na marudio

Safu tano: neno, vipande, maana niliyokisia, maana ya kamusi, sentensi yangu. Safu ya tatu isifutwe hata kama ilikuwa kosa. Mwalimu akipitia safu hiyo anaona moja kwa moja kipande gani kimefahamika vibaya.

Dakika 15 mwanzoni mwa kipindi cha dakika 40, mara mbili kwa wiki, zinatosha. Vipande vitatu au vinne vipya kwa wiki, siyo zaidi. Vya leo virudiwe kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Kwenye jaribio usiulize kiambishi kinaitwaje. Toa maneno ambayo hawajayaona kabisa lakini vipande vyake wanavijua, kama "rehydrate" au "transportable", waeleze walivyofika kwenye maana.

MASWALI YA WALIMU, WANAFUNZI NA WAZAZI

Mwalimu, Kasulu: Darasa langu lina wanafunzi tisini. Kadi zinaleta makelele na nyingine zinapotea. Nifanyeje?

Jibu: Acha kadi, mwalimu. Gawa darasa kwa mistari ya madawati. Andika mzizi mmoja ubaoni, kila mstari uwe na dakika tatu kuandika maneno mengi iwezekanavyo kwenye karatasi moja inayopita mkono kwa mkono. Neno lisilothibitika linapunguza alama moja; bila adhabu hiyo watakuletea "reportless" na "importness".

Mwalimu wa Biolojia, Kibondo: Hii si kazi ya mwalimu wa Kiingereza?

Jibu: Kwako wewe inalipa haraka zaidi, maana vipande vya Kigiriki na Kilatini kwenye sayansi havibadilishi maana ovyo kama vya lugha ya kila siku. Herbi- (majani), carni- (nyama), omni- (vyote) na -vore (mla) zinamaliza mada nzima ya ulaji. Kwa "omnivore" wape sokwe wa Gombe: Jane Goodall aliwaona wakila nyama mwaka 1960, wakati ilidhaniwa ni wala mimea tu. Photo- na synthesis, hydro- na -lysis, therm na meter, zote ni hivyohivyo.

Angalia tu hypo- na hyper-. Kwa matamshi yetu zinakaribiana sana na wanafunzi wanazichanganya hadi Kidato cha Nne. Hypo- inatamkwa kama "haipo", na bahati nzuri maana inaelekea huko: upungufu, chini ya kiwango. Iliyobaki ndiyo ya kuzidi. Haiwapotei tena.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Uvinza: Shikamooni walimu. Nitajuaje neno linachukua un- au in-? Niliandika "unpossible" nikakosa.

Jibu: Marahaba. Kanuni kamili hakuna, ila kuna dalili. Maneno yanayoishia -ible, -ent na -ant mengi huchukua in- na ndugu zake: "invisible", "independent", "irrelevant". Yanayoishia -ed na -ing huchukua un-: "unfinished", "uninteresting". Yenye -able yako pande zote mbili: "unreadable", lakini "incapable". Na usishangae "unable" kuzaa "inability". Ukijifunza kivumishi kipya, kiandike na kinyume chake papo hapo kwenye mstari mmoja.

Mzazi, Ujiji: Mwanangu kaandika "My mother is a good cooker", mwalimu kaweka kosa. Si tumeambiwa -er ni mtendaji?

Jibu: Mwalimu yuko sahihi, mama. Mpishi ni "cook" bila nyongeza. "Cooker" ni jiko. -er hutaja mtu au kifaa, na lugha imeshaamua lipi ni lipi. Vilevile mwizi ni "thief", hakuna "stealer" anayeshtakiwa polisi. Mkumbushe kwamba hata sisi "pika" haitoi "mpiki", na "iba" haitoi "mwiba" wa mali za watu.

Mwalimu, Buhigwe: Shule ina kamusi moja tu. Hatua ya kuthibitisha itawezekana?

Jibu: Inawezekana. Mwanafunzi mmoja kwa zamu awe mshika kamusi wa siku hiyo. Hairuhusiwi kuifungua mpaka angalau makisio matatu yawe ubaoni. Ikifunguliwa mapema, kukisia kunakufa. Kwa maneno ya sayansi tumieni faharasa ya mwisho wa kitabu kama ipo. Na usiku wa kuamkia kipindi, pitia mwenyewe maneno yote utakayoyatoa, uyaondoe yale ambayo vipande vyake haviongozi kwenye maana ya leo. "Understand" ni mojawapo. Hilo likaririwe lilivyo.