Kubadilisha rejeta ndogo ya hita: anza na maji, si dashibodi

Julai ndipo wateja wangu hukumbuka kwamba gari lina hita. Unapanda Limuru alfajiri, unaiwasha, kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafutamafuta, na ndani kunanukia utamutamu. Papasa zulia upande wa abiria. Likiwa limelowa kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini), rejeta ndogo ya hita, ile inayopitisha maji moto ya injini ili kupasha hewa ya ndani, inavuja. Likilowa maji yasiyo na rangi wala harufu, kagua kwanza kibomba cha kutolea maji ya AC. Mara nyingi kimeziba tu.

Kabla ya kukimbilia spea Grogan, soko la vipuri vya magari Nairobi, fungua kifuniko cha rejeta kubwa, injini ikiwa baridi kabisa. Maji yakifanana na chai ya maziwa, simamisha kila kitu, maana huenda oili imechanganyika nayo na shida yako ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Yakiwa na kutu, osha mfumo mzima, la sivyo rejeta mpya itaziba kama ya zamani.

Watu huniambia, "Fundi, Nairobi hakuna barafu, weka maji ya mfereji." Barafu hakuna, lakini kutu iko, na kulanti ndiyo yenye dawa ya kuizuia. Tena mji huu uko karibu mita 1,795 juu ya bahari. Hapa maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoshikilia presha ili yasichemke mapema, kwa hiyo mpira wake ukichoka, kibadilishe. Kilichoandikwa 0.9 (kipimo cha presha) kirudishie cha 0.9.

Mwaga kulanti kuukuu kwenye beseni, mbali na watoto na mbwa: ni tamu na ni sumu. Chomoa mipira miwili ya hita inapoingilia ukutani nyuma ya injini. Ikiwa imegandia, ipasue kwa kisu ununue mipya, kwani ukiivuta kwa nguvu utavunja vibomba. Pitisha maji kinyume na mkondo wake wa kawaida, kwa presha ndogo, hadi yatoke safi. Kama hita ilikuwa haipati moto tu bila kuvuja, pengine kazi imeishia hapo.

Ikivuja, dashibodi inakusubiri. Kuna magari ambayo rejeta huchomoka kwa pembeni, na kuna yale yanayotaka dashibodi yote ishuke. Jua lako ni lipi kabla hujashika bisibisi. Toa waya hasi wa betri na usubiri angalau dakika kumi, kwa sababu plagi za njano ni za airbag, mifuko ya hewa inayofyatuka ajalini. Piga picha kila hatua. Skrubu mimi huziweka kwenye trei ya mayai, kwa mpangilio zilivyotoka.

Funga rejeta mpya, jaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri (yale safi, si asidi), washa injini, uangalie matone kabla ya kurudisha dashibodi. Na fundi akitaka kutupa thamostati (valvu inayozuia maji yasiende rejeta kubwa hadi injini ipate moto), mkatalie. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto na hita inapuliza vuguvugu.

Kutoa hewa: egesha pua ya gari ikitazama juu, weka hita kwenye moto wa mwisho, acha injini iungurume hadi mpira wa juu wa rejeta upate moto. Ukisikia maji yakigugumia nyuma ya dashibodi, hewa bado imo. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, ongeza kilichopungua kwenye kitangi cha kulanti. Kikipungua tena, kuna mahali bado panavuja.