Kupanda Gloriosa Nairobi: Ua la Taifa la Zimbabwe na Sumu Yake

Gloriosa ni ua la taifa la Zimbabwe, lakini si mgeni Kenya: huota vichakani na kandokando ya misitu, tangu pwani hadi nyanda za juu, na wengi wetu tumelipita bila kulitazama. Anayetaka kulipanda nyumbani ajue kwanza kwamba kila sehemu ya mmea huu ina sumu iitwayo kolchisini, na kwamba kiazi chake ndicho hatari zaidi, kwa kuwa asiyekijua huweza kukidhania kiazi kikuu akakipika. Sumu hiyo hiyo, ikipimwa na wataalamu kwa kiasi kidogo mno, ni dawa ya jongo. Hilo lisimpe mtu yeyote ujasiri wa kujitibu. Penye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mbwa anayefukuafukua bustani, ni afadhali kuchagua ua jingine.

Viazi vya kupanda visichimbuliwe Karura wala msitu mwingine wowote. Ulizia kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara. Kiazi kizuri ni kigumu, aghalabu chenye umbo la herufi V, na ncha zake ni nzima. Zikague ncha hizo kabla ya kulipa, kwa maana chipukizi hutokea hapo tu, nazo ni rahisi kuvunjika. Kiazi kilichopoteza ncha zake hakitaota hata ukikimwagilia mwaka mzima. Kishike kwa glavu, kisha unawe mikono.

Panda mvua za masika zinapokaribia, mwezi Machi, au Oktoba kabla ya vuli. Udongo mwekundu wa upande wa Kabete unafaa jinsi ulivyo, kwa kuwa hupitisha maji. Wakazi wa Embakasi na Syokimau wana kazi zaidi: udongo wao mweusi hushika maji na kuozesha kiazi, kwa hiyo ni heri watumie chungu chenye matundu, wakichanganya udongo mwekundu, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Kilaze kiazi ubavu, ukifunike kwa udongo wa sentimita 8 hivi, na umwagilie kidogo tu hadi chipukizi litokeze.

Mmea huu hukwea kwa majani yake. Ncha ya jani hurefuka ikawa kikonyo chembamba kinachojizungusha kwenye chochote kinachogusa, ilimradi kiwe chembamba. Nguzo nene haisaidii kitu. Weka fito au wavu wa waya.

Ua linapochanua, lichunguze kwa karibu, maana hapa ndipo mmea unapoonyesha ufundi wake. Ua lenyewe huinama, ilhali petali zake 6 zenye kingo za mawimbi hupinda kurudi juu, zikianza na rangi ya manjano na kugeuka nyekundu siku zinavyopita. Stameni 6, yaani vijiti vinavyobeba chavua, hutawanyika pande zote chini yake, na mrija unaopokea chavua hukunjika ghafla kuelekea kando, jambo linalopunguza uwezekano wa ua kujichavusha lenyewe. Vipepeo na ndege waitwao chozi ndio wageni wake wakuu.

Masimulizi kuhusu ua hili ni mengi. Nchini India wapo wanaoweka kiazi chake dirishani ili kufukuza nyoka, na wengine hukitumia kama dawa ya kuumwa na nyoka. Imani ya kwanza haimdhuru mtu, lakini ya pili ni kuongeza sumu juu ya sumu: aliyeumwa akimbizwe hospitali. Linalonivutia zaidi ni la kihistoria. Mwaka 1947 watoto wa shule wa Southern Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walimchangia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza bruchi (pambo la kubana nguoni) ya almasi yenye umbo la gloriosa, naye alikuwa ameivaa aliposhuka London mnamo tarehe 7 Februari 1952, akitoka Kenya alikopata habari za kifo cha baba yake.

Baada ya maua, majani hugeuka manjano na shina hukauka. Wengi hudhani mmea umekufa, wakaung'oa. Kumbe kiazi kipya kimejiundia chini na kinapumzika. Acha kumwagilia hadi msimu ujao. Mbegu nyekundu zilizo ndani ya tunda lililopasuka nazo zina sumu, na ukizipanda utasubiri miaka kadhaa kabla ya kuona ua, kwa hiyo zikusanye mapema kabla watoto hawajazichezea. Chungu nacho kiandikwe wazi neno SUMU, kwa sababu wakati huo hakina hata jani la kumwonya atakayetaka kukitumia kupandia sukuma wiki.