Anayeshika daftari asiwe peke yake: mwongozo kwa viongozi wa timu za afya za dharura

Mimi ni muuguzi mkunga, makazi yangu Moshi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kliniki za mkoba: gari, hema, meza mbili, boksi la chanjo, na foleni ya akina mama chini ya mwembe. Masika yakizidi, maji yakishuka na kujaa Kahe, Mabogini na Chekereni, sisi hao hao tunageuka timu ya dharura. Watu wanalala madarasani, hofu ya kipindupindu inatanda, na mashirika yanaleta magodoro, sabuni, ndoo na dawa za kutibu maji. Mwongozo huu wa kuzuia unyanyasaji wa kingono nauandika kwa mwenzangu atakayepewa kuongoza timu ya namna hiyo, awe huku Kilimanjaro, kule Longido, au kwenye kambi za wakimbizi Kigoma.

Unyanyasaji wa kingono katika kazi hii huanzia kwenye daftari. Mtu mmoja anaandika majina ya wanaostahili ndoo, yeye huyo anagawa ndoo, na yeye huyo ndiye anayepokea malalamiko ya waliokosa ndoo. Mama aliyepoteza nyumba na mahindi yake anamwangalia kijana huyo kama anavyomwangalia mkuu wa wilaya. Sisi wa afya tuna nguvu kuliko hata huyo wa ndoo. Aliyevaa koti jeupe huku kwetu ni dokta, hata kama kazi yake ni kupima joto tu. Dokta akisema "njoo jioni nikupatie dawa nzuri zaidi", binti wa kidato cha pili atamjibu nini?

Kwa hiyo kabla ya semina, kabla ya kubandika mabango, chukua karatasi uandike kila kitu ambacho timu yako inatoa: dawa, kadi, magodoro, nafasi za vibarua, lifti ya gari, rufaa ya kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC. Mbele ya kila kitu andika ni nani anayeamua nani apate. Ukikuta jina moja limesimama peke yake, hapo ndipo pa kuweka mtu wa pili. Mmoja aandike, mwingine agawe, na orodha ibandikwe ofisi ya kijiji ili kila mtu aone jina lake bila kumbembeleza mtu.

Nafasi za vibarua zinahitaji macho makali zaidi. Wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Kongo, mwaka 2018 hadi 2020, maelfu ya watu waliajiriwa kwa haraka Beni, Butembo na miji ya jirani. Septemba 2020 waandishi wa habari walichapisha simulizi za wanawake 51 waliosema wametumiwa kingono, wengi wao wakiwa wameahidiwa kazi. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ikatoa ripoti yake Septemba 2021 na kutaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa watu walioajiriwa na shirika hilo lenyewe. Soma hiyo habari ukitazama jambo moja: wanawake wale waliongea na waandishi wa habari kabla ya kuongea na mashirika yenyewe. Simu za malalamiko na taratibu za maandishi zilikuwepo, lakini hazikuwafikia, au ziliwafikia wasiziamini.

Basi ukitafuta mpishi, mfuaji, mhamasishaji au mkalimani, hata wa siku chache, tangaza hadharani, wahoji mkiwa wawili na mmoja wenu awe mwanamke, na malipo yapite kwenye simu yake moja kwa moja, yasipite mkononi mwa msimamizi. Kwa wafanyakazi wa kudumu, usiridhike na barua ya sifa. Mpigie mwajiri wa zamani umuulize waziwazi: mtu huyu aliwahi kukutwa na kosa la kingono? Tangu 2019 upo mpango wa kimataifa ambao mashirika mengi yamejiunga nao, wa kupeana taarifa hizo kabla ya kuajiri, ili aliyefukuzwa nchi moja asiibukie kambi ya nchi nyingine. Ulizia kama shirika lako limo.

Kila mtu asome kanuni na kuzitia sahihi, na hapa nasema kila mtu: dereva, mlinzi, mtunza stoo, kijana wa bodaboda mnayemkodi. Dereva anajua nyumba za watu kuliko daktari. Kanuni zenyewe ni fupi. Waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003, uliofuata kashfa ya wafanyakazi wa misaada katika kambi za wakimbizi Afrika Magharibi, unakataza kujamiiana na yeyote aliye chini ya miaka 18, na kusema "nilidhani ni mkubwa" hakumwokoi mtu. Unakataza kutoa pesa, kazi, bidhaa au huduma ili upewe ngono. Na unamwajibisha kila mfanyakazi atoe taarifa hata akiwa na shaka tu. Kwa Tanzania, ongeza kwamba Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inahesabu kuwa ni ubakaji kulala na binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wako, hata kama amekubali. Na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa yeyote mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au haki fulani. Watu wengi wanajua rushwa ya ngono kwa habari za vyuo vikuu. Waambie wafanyakazi wako kwamba inahusu pia foleni ya magodoro.

Mpangilio wa kliniki wenyewe uwe mlinzi. Hakuna uchunguzi wa mwili bila msindikizaji wa jinsia ya mgonjwa, na mgonjwa aelezwe kwanza anaguswa wapi na kwa nini. Simu zenye kamera zibaki mezani nje ya pazia. Vyoo vya wanawake viwe na komeo la ndani na taa, wala visiwe nyuma kabisa ya mabweni ya wanaume. Gari la kazi lisimpakie mwanamke au binti peke yake. Akiwa ni wa rufaa, aende na ndugu yake na muuguzi wa kike. Fungeni kazi mapema. Barabara za tambarare zikilowa, timu inayochelewa inaishia kulala gesti kijijini, na usiku wa gesti, pombe na posho ya siku umeleta mashauri mengi ninayoyafahamu katika kazi hii. Kama ni lazima kulala, andika kanuni ya wageni vyumbani, na isimamie wewe mwenyewe.

Kisha waambie wananchi, na waambie mbele ya timu yako, wafanyakazi wakisikia. Mimi husimama kabla foleni haijaanza na kusema: "Mama zangu, baba zangu, huduma hizi ni bure. Hakuna mwenye ruhusa ya kudai pesa, zawadi wala mwili wa mtu ili akuhudumie. Akitokea, sisi tunataka kujua, na hutakosa huduma kwa kusema." Mtafute mtu wa kuyarudia kwa Kichaga au Kimaasai, kwa ajili ya bibi ambao Kiswahili cha mikutano hakiwaingii. Rudia kila siku ya huduma, kwa sababu anayehitaji kusikia huenda leo ndiyo amefika.

Sanduku la maoni lililofungwa mlangoni, pembeni ya mlinzi, ufunguo ukiwa kwa meneja, halisaidii kitu. Hakuna binti atakayepita mbele ya mlinzi na karatasi mkononi. Kaa na wanawake wa kikoba, wauza nyanya, wanaopanga ndoo bombani, uwaulize: kukitokea jambo la aibu, mngemwambia nani? Watakutajia mtu, mara nyingi mkunga wa jadi, mke wa mchungaji, au mwalimu fulani wa kike. Mwombe huyo, mfundishe, mpe namba ya mtu wa shirika aliye nje ya timu yako. Bandika pia 116, simu ya bure ya watoto, na 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Wanaume na wavulana nao hufanyiwa, na husema kwa shida zaidi. Hakikisha kuna mwanaume mwaminifu wanayeweza kumfuata.

Sasa, jambo likitokea.

Mtu akianza kukueleza, acha unachofanya. Tafuta pembe ambayo hamsikiki lakini mnaonekana, mketi usawa mmoja. Sema: "Pole sana. Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako." Baada ya hapo nyamaza usikilize. Usiulize alivaa nini, alikwenda kufanya nini kwake, mbona hakupiga kelele, wala usimtake asimulie tena ili uandike vizuri. Usimwahidi siri ya moja kwa moja; mwambie kweli kwamba kuna mtu mmoja wa shirika utakayemweleza kwa kuwa kanuni inakutaka, na kwamba mwingine hatajua. Akiwa mtoto, afisa ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto lazima wahusishwe. Akiwa mtu mzima, kwenda polisi ni uamuzi wake. Mweleze njia zote, kisha umheshimu.

Angalia saa. Kama kulikuwa na kuingiliwa, PEP, zile dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zianze haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kwisha, ziendelee siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Kuna tiba ya kinga ya magonjwa ya zinaa, na chanjo za homa ya ini aina ya B na pepopunda. Kama anataka ushahidi utunzwe, asioge kabla ya kupimwa, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hufungia unyevu na kuziharibu. Ameshaoga, aje hivyo hivyo. Amepitisha saa 72, aje vilevile, kwa kuwa mengine yote bado yanawezekana. PF3 ni fomu ya polisi na ina maana kubwa mahakamani, ila matibabu yasiisubiri. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono humkutanisha na daktari, polisi, mwanasheria na ustawi wa jamii sehemu moja. Jua kabla ya dharura kilicho karibu nawe kiko wapi na nani anapokea simu usiku.

Kwa upande wa ofisi, toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtu aliyeteuliwa na shirika kupokea taarifa hizi. Andika alivyosema kwa maneno yake, bila maoni yako. Jina lisiende kwenye kundi la WhatsApp la timu, hata kwa herufi za kwanza. Moshi ni ndogo na watu watajua. Usimwite mtuhumiwa "kusikia upande wake". Uchunguzi una watu wake, na ukimshtua atafuta ujumbe na kuwatisha mashahidi. Kazi yako ni kumwondoa kwenye mawasiliano na wananchi, kwa utulivu, uchunguzi ukiendelea. Usimhamishie kijiji kingine. Usikubali barua ya kuacha kazi imalize shauri.

Na wazee watakuja. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linaloua mashauri mengi huku kwetu. Watakuja wawili watatu, wenye heshima zao, pengine na mjomba wa binti, wakisema tuyamalize kifamilia, kijana yuko tayari kutoa mbuzi na pesa kidogo, mbona mnataka kuliharibia jina shirika lililotuletea maji? Wapokee kwa adabu, wape viti na chai. Kisha waambie kwamba wewe huna mamlaka ya kuyamaliza, na kwamba kosa la jinai halifutwi kwa kikao cha nyumbani. Usikubali kubeba ujumbe wala bahasha. Baada ya wao kuondoka, uliza usalama wa binti: anaishi na nani, nani anampigia simu, anaweza kulala kwa shangazi kwa muda? Aliyetoa taarifa naye mlinde. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo, lakini wewe ndiye utakayeona kama amenyimwa zamu au ametengwa wakati wa chakula.

Aliyefanyiwa aendelee kupata kila alichostahili, kutoka kwa mikono mingine. Panga naye tarehe za kurudi kupima VVU na kumalizia chanjo, na mkubaliane namna ya kumpata: ni simu ya nani, saa ngapi, na mkipiga akapokea mume au kaka, mtasema nini. Wengi huchagua "kliniki ya mtoto". Kadi yake ya tarehe iwe kadi ya kawaida ya kliniki, isiyo na neno lolote la kumtambulisha, kisha umtajie jina la muuguzi atakayemkuta siku hiyo, na umhakikishe muuguzi huyo kwenye ratiba ya zamu kabla mama hajaondoka.