Central Park ya New York kwa miguu: anzia juu, teremka

Wageni wengi huingia Central Park kwa upande wa kusini, pale Columbus Circle au kwenye hoteli za mtaa wa 59. Huzunguka saa moja katikati ya umati, wakapiga picha mbili tatu, wakatoka wakiamini wameiona. Bustani yenyewe ina hekta 341: urefu wa kilomita 4, upana wa mita 800, kuanzia mtaa wa 59 hadi wa 110. Sehemu yake tulivu kuliko zote iko juu kabisa, inapopakana na Harlem, na ndiyo inayokosa watu. Kwa hiyo panda treni hadi juu, halafu teremka kwa miguu kuja mjini. Miguu ikichoka utakuwa umeshafika kwenye vyakula na stesheni kubwa.

Hakuna kiingilio. Bustani iko wazi kila siku kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 7 usiku. Matembezi yanayoelezwa hapa ni kilomita 7 au 8 ukihesabu mizunguko. Tenga saa nne, au tano ukiwa na watoto.

Treni

Panda namba 2 au 3, shuka Central Park North–110 St. Ukitoka ngazini, bustani iko mbele yako. Kwa upande wa magharibi kuna B na C, lakini B haifanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Kosa linalowapata wengi liko hapa: A na D hupita njia hiyohiyo, ila mchana ni za mwendo kasi. Zikiondoka mtaa wa 59 hazisimami tena mpaka wa 125. Aliyetaka kushuka mtaa wa 72 hujikuta katikati ya Harlem. Soma herufi kwenye behewa kabla ya kuingia.

Kujua uko wapi

Utapotea, na ilikusudiwa hivyo. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walioshinda shindano la ramani mwaka 1858, walipinda njia makusudi ili mtu asahau mji wa mitaa iliyonyooka kama rula. Barabara nne zinazokata bustani wakazichimbia chini, na magari yanapita humo hadi leo bila wewe kuyaona. Hata maziwa yote yametengenezwa kwa mikono ya watu.

Simu itakusaidia, lakini nguzo za taa zinatosha. Kila nguzo ina kibao chenye namba. Tarakimu mbili za mwanzo ni mtaa ulio karibu. Ya mwisho ikiwa shufwa uko mashariki, ikiwa witiri uko magharibi. Ukisoma 7431, uko usawa wa mtaa wa 74, upande wa magharibi. Mitaa 20 ni maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa hiyo ukipata namba ya nguzo unajua na umbali uliobaki.

Na kwa anayetaka kuswali majanini: usiamini kwamba Fifth Avenue, barabara inayopakana na bustani kwa mashariki, inaelekea kaskazini halisi. Mitaa ya Manhattan, kisiwa chenye bustani hii, imeinama nyuzi 29 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na kibla kwa aliyeko New York kiko nyuzi 58 hivi upande huohuo. Simama ukitazama kule namba za mitaa zinakoongezeka, kisha geuka kulia theluthi ya pembe mraba.

Kuteremka

Anza kwa ziwa la Harlem Meer. Kando yake kuna Davis Center, jengo lililofunguliwa mwaka 2025, lenye vyoo. Tumia hapo, kwani safari ndiyo kwanza inaanza. Zunguka ziwa kwa mashariki uingie Conservatory Garden, bustani ya maua iliyo usawa wa mtaa wa 105. Yenyewe hufunguliwa saa 2 asubuhi, na baiskeli na mbwa haviruhusiwi.

Rudi magharibi ufuate kijito cha Loch. Utapita chini ya Huddlestone Arch, daraja la mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, yakashikana kwa uzito wake. Mbele kuna maporomoko madogo ya maji na msitu mnene kiasi kwamba honi hazisikiki. Usiharakishe hapa.

Ukifika mtaa wa 96 utakuta bwawa kubwa. Njia inayolizunguka ina urefu wa kilomita 2.5, na wakimbiaji huenda upande mmoja tu, kinyume na mshale wa saa. Shuka nao kwa upande wa magharibi. Ukienda kinyume utagongwa, na lawama zitakuwa zako.

Kati ya mitaa ya 89 na 82, magharibi, punguza mwendo. Hapa palikuwa na Seneca Village, kijiji kilichoanza mwaka 1825 Waafrika-Wamarekani walipoanza kununua viwanja. Kufikia mwaka 1855 kilikuwa na watu wapatao 225, makanisa matatu na shule. Kumiliki ardhi kulikuwa na uzito wa pekee: mwanamume mweusi wa New York hakuruhusiwa kupiga kura bila kuwa na mali ya dola 250. Mwaka 1857 serikali iliwaondoa wote ili bustani ijengwe. Kutembelea Central Park bila kusimama hapa ni kuiona nusu.

Vuka kwenda mashariki kupitia uwanja wa Great Lawn. Nyuma ya jumba la makumbusho la Metropolitan kuna mnara wa jiwe kutoka Misri, wa miaka 3,500 hivi, uliosimamishwa hapo mwaka 1881. Kutoka hapo panda Belvedere Castle uone bustani kwa juu, kisha ingia Ramble, kichaka cha vijia vinavyojisokota. Aprili na Mei, na tena Septemba na Oktoba, ndege wanaohama hutua hapa, njoo alfajiri. Ukishindwa kutoka, fuata mteremko: kusini utakutana na maji, na Bow Bridge itakuvusha.

Kwenye chemchemi ya Bethesda, mtaa wa 72, kuna malaika aliyechongwa na Emma Stebbins, akazinduliwa mwaka 1873. Ni kumbukumbu ya maji safi yaliyoanza kuletwa mjini kwa mfereji wa Croton mwaka 1842, mji uliokuwa umeteswa na kipindupindu. Yungiyungi mkononi mwake ni alama ya usafi wa maji hayo. Baada ya hapo ni njia pana yenye miti pande zote, na mtaa wa 59.

Yanayoharibu siku

Kubwa ni baiskeli za magurudumu matatu zinazobeba abiria. Bei huhesabiwa kwa dakika, na sheria inamtaka dereva aibandike waziwazi. Mgeni husikia dola chache, akadhani ni safari nzima, kisha anadaiwa mamia. Zidisha kwa dakika kabla ya kukaa.

Baiskeli ya kukodi iendeshwe kwenye barabara ya mzunguko tu, kilomita 9.8, kinyume na mshale wa saa. Vijia ni vya waendao kwa miguu. Ukivuka barabara hiyo, tazama kama unavyotazama magari, maana waendesha baiskeli huteremka kwa kasi.

Pombe na kuchoma nyama ni marufuku. Mkusanyiko wa watu 20 au zaidi unahitaji kibali, jambo linalozikuta familia zetu za huko kila majira ya joto. Na majira ya baridi mabomba ya kunywea hufungwa, beba maji.

Jumapili ya kwanza ya Novemba usipange matembezi haya, maana marathoni ya New York humalizikia humu. Simama kando ya barabara ya mashariki, kati ya mitaa ya 90 na 72, ambapo hulipi kitu. Ni mbio alizoshinda Juma Ikangaa wa Tanzania mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na Tegla Loroupe wa Kenya mwaka 1994 na 1995. Fika mapema, na beba bendera.