Jinsi ya kumsikiliza popo usiku na kutambua anachokisikia

Popo si kipofu. Kila popo ana macho yanayoona, na wale wakubwa wanaokula maembe na mapera huona gizani vizuri kuliko sisi. Ila popo wadogo wanaokula wadudu hutegemea zaidi mwangwi: hutoa sauti, kisha husikiliza inavyorudi baada ya kugonga jani, ukuta au mbu. Sauti hizo nyingi zipo juu ya kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, pale sikio la mtu linapokomea. Kwa hiyo tutatumia kifaa, na tutakitumia tukiwa nje, bila kumgusa popo hata mmoja.

Hatua ya 1: Chagua kifaa

Vipo vya namna mbili. Kimoja kina kirungu cha kuchagua masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), nacho hushusha sauti ya popo papo hapo ukaisikia. Kingine, kama AudioMoth, hurekodi faili ukaichambua baadaye. Kwa anayeanza napendekeza cha kirungu, kwa sababu sikio hujifunza palepale popo anapopita. Simu peke yake haitoshi. Rekodi zake za kawaida hukomea karibu na kilohezi 24.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Toka jua linapozama. Nyumba ya mabati yenye popo darini, taa ya barabarani iliyozingirwa na wadudu, au bwawa, vyote vinafaa. Usiingie pangoni. Popo wa matunda aina ya Rousettus aegyptiacus, anayeishi mapangoni, hubeba virusi vya Marburg, na vumbi la kinyesi cha popo huweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu. Ukimkuta popo ameanguka, usimshike. Mwaka 2009, popo wa mapango ya Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, alikutwa na kirusi cha jamii moja na kile cha kichaa cha mbwa.

Hatua ya 3: Tazama kwanza

Kabla ya kuwasha kifaa, angalia wanaoruka. Ukiona popo wakubwa wakipita juu kwa mabawa mapana, na baadaye kifaa kikawa kimya wanapopita, hakijaharibika. Popo wa Pemba, wale wanaolala mitini Kidike, hawatumii mwangwi kabisa. Huongozwa na macho na pua. Kati ya popo wa matunda wa kwetu, Rousettus ndiye wa pekee: hugonga ulimi kinywani na kusikiliza mwangwi wake, ndiyo maana anaweza kulala ndani kabisa ya pango ambako macho hayamsaidii.

Hatua ya 4: Zungusha kirungu polepole

Anza kwenye kilohezi 25. Hapo utawapata popo wa darini wenye mkia uliochomoza, jamii ya Mops. Wanawinda juu ya mapaa, mahali peupe, na sauti ya chini huwafaa kwa kuwa hewa hainyonyi haraka sauti ya chini kama inavyonyonya ya juu. Otomops martiensseni, aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1897 kutokana na popo wa upande wa Tanga, hushuka hadi watu wenye masikio mazuri humsikia bila kifaa.

Panda hadi 40 na 50. Hawa ni wadogo, huzunguka karibu na miti, na sauti zao ni fupi, zinazoporomoka kutoka juu hadi chini. Mporomoko huo humpa popo umbali na umbo la kitu kwa usahihi.

Juu zaidi wapo Rhinolophus na Hipposideros, wenye mikunjo ya ngozi puani. Kwao utasikia mluzi ulionyooka, na hapa ningekusihi ukae kidogo. Rhinolophus akiruka kumwelekea mdudu, mwangwi hurudi ukiwa juu kuliko sauti aliyotoa, kwa sababu ya mwendo wake mwenyewe. Basi yeye huishusha sauti yake kiasi kile kile, ili mwangwi urudi kwenye masafa ambayo sikio lake ni kali kuliko yote. Nondo akipiga mabawa, mwangwi hutikisika, na mtikisiko huo humtenga nondo na majani yaliyomzunguka.

Wengine hutawapata. Cloeotis percivali, ambaye kielelezo chake cha kwanza kilitoka Takaungu, pwani ya Kenya, hupita kilohezi 200, na AudioMoth hukomea 192.

Hatua ya 5: Fuata mdundo

Popo anapotafuta, hutoa takriban sauti 10 kwa sekunde. Akigundua mdudu, mdundo huharakika, kisha unaungana kuwa mkoromo mfupi: hapo anakamata. Mkoromo huo hufikia sauti 150 au zaidi kwa sekunde.

Kwa nini aharakishe? Sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Mdudu akiwa mita 1.7 mbele, mwangwi hurudi baada ya milisekunde 10. Akiwa sentimita 17, hurudi baada ya milisekunde 1 tu. Mdudu naye anakwenda, hivyo popo anahitaji habari mpya kila mara. Tena, kwa popo wanaoporomosha sauti, lazima kila sauti iwe fupi kuliko muda wa mwangwi kurudi, la sivyo zitagongana. Kuna na jambo la kelele yake mwenyewe: msuli mdogo sikioni hukaza anapotoa sauti, kisha hulegea kwa ajili ya mwangwi. Kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote.

Hatua ya 6: Rekodi na upunguze kasi

Ukitumia kifaa kinachorekodi, fungua faili kwa programu ya bure ya Audacity, punguza kasi mara 10, na kilohezi 50 itakuwa 5. Kwenye mwonekano wa spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda, anayeporomosha sauti ataonekana kama mstari wa kushuka, na mwenye mluzi kama mstari wa kulala.

Hatua ya 7: Zima kifaa karibu na mbuyu

Popo aitwaye Cardioderma cor hulala kwenye mibuyu yenye uwazi. Usiku hutundikika kwenye kichaka kifupi na kusikiliza mende na tandu wakikwaruza ardhini, kisha huwarukia. Sauti zake za mwangwi ni hafifu sana hata kifaa huzikosa, ila nyimbo zake za kulinda eneo zinasikika kwa masikio matupu.

Katika daftari andika tarehe, mahali, saa, masafa na mdundo. Jina la aina liandike tu pale rekodi ilipo safi.