Somo: Kuongeza Nafasi ya Mizigo Katika Boti ya Ski Bila Kuipunguzia Uwezo wa Kuelea

Boti ya ski imeundwa kwa kazi moja, nayo ni kumvuta mtu anayeteleza juu ya maji kwa ski (mbao za kuvaa miguuni) akiwa mwishoni mwa kamba ambayo kwa kawaida hufikia takribani mita 23, huku msaidizi akikaa amegeukia nyuma kumtazama. Ndiyo maana mwili wake ni mwepesi na sehemu ya kukaa iko wazi, na aliyeichora hakusumbuka sana kufikiria jiko, ndoo ya samaki wala hema. Boti niliyoletewa hapa Moshi, yenye urefu wa futi 19 na injini ya petroli iliyofunikwa kule nyuma, ilikuwa imeacha ski siku nyingi; mwenyewe huivuta kwa trela hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu kuvua samaki na familia yake. Lalamiko lake lilikuwa fupi: watoto wanakalia mizigo, na mizigo inakalia majaketi ya kujiokoa.

Hatua ya kwanza: Toa vyote, kisha pima

Shusha kila kitu kilichomo na ukipange chini kwa mafungu: vinavyohitajika kwa haraka, vinavyoogopa maji, na vizito. Jaketi za kujiokoa, kamba na kizimamoto ni fungu la kwanza, na havitawekwa kamwe chini ya kitu kingine. Baada ya hapo soma kibao cha uwezo ambacho katika boti nyingi ndogo zitokazo Marekani hubandikwa karibu na usukani, kikitaja idadi ya watu na jumla ya uzito unaoruhusiwa. Uzito ule hauongezeki kwa sababu umeongeza makabati. Na plaiwudi yako mpya nayo inahesabiwa humo.

Hatua ya pili: Tambua nafasi tupu na nafasi yenye kazi

Hapa ndipo mafundi wengi wa nchi kavu, nami nikiwemo, huteleza. Mimi nimezoea kutengeneza matenki na mabampa ya magari kwa faiba (nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, yaani gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu), ambako uwazi ni uwazi tu. Katika boti, uwazi ulio chini ya sakafu na pembeni mara nyingi umejazwa povu gumu lenye vijitundu vilivyozibwa kila kimoja peke yake, ili boti ikijaa maji isizame yote. Kila lita moja ya povu hilo linapokuwa ndani ya maji hunyanyua karibu kilo moja. Chukua sanduku la sentimita 60 kwa 40 kwa 30: ni lita 72. Ukilikata povu hilo ili upate mahali pa kuweka soda, umeiondolea boti nguvu ya kunyanyua kilo zipatazo 70 siku ile itakapozihitaji, ambao ni uzito wa mtu mzima.

Gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Penye uwazi hulia kama debe, na penye povu hutoa sauti nzito iliyokufa. Usiridhike na sikio peke yake. Ingiza mkono na kioo kidogo kupitia matundu yaliyopo, fuatilia mabomba na nyaya zote, na ujue tangi la mafuta liko wapi, kwa kuwa katika boti nyingi za aina hii liko chini ya sakafu au chini ya kiti cha nyuma. Hapo tu ndipo utoboe tundu la milimita 6, ukiwa umezungushia utepe kwenye ncha ya drili sentimita 2 kutoka mwisho ili isizame zaidi ya hapo. Katika boti hii nilitoboa mbele ya kiti cha msaidizi nikitarajia unga mkavu wa njano, nikatoa tope la kahawia linalonuka bwawa. Povu lilikuwa limenyonya maji kwa miaka. Povu la namna hiyo halinyanyui chochote, ni mzigo. Tulilitoa lote na kujaza jipya, na kazi ya siku tatu ikawa ya wiki mbili.

Hatua ya tatu: Chagua mahali

Mahali pa kuaminika ni chini ya viti vya pembeni, chini ya kiti cha msaidizi, na omoni, yaani sehemu ya mbele ya boti, mbele ya kioo. Mifuko ya wavu iliyokazwa kwenye kuta za ndani hufaa kamba, glavu na taulo, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na faida. Kama sakafu tayari ina shimo refu la kulazia ski, ambayo moja huwa na urefu unaozidi mita moja na nusu, litumie kwa fito za kuvulia na nguzo za hema badala ya kukata shimo jingine.

Vitu vizito vikae chini, karibu na katikati. Uzito ukirundikwa tezini, yaani nyuma, omo huinuka na dereva haoni mbele wakati wa kuondoka. Ukirundikwa omoni, boti huchimba mawimbi na maji huingia ndani. Kwa wale ambao bado wanateleza, uzito wowote wa ziada huizamisha boti zaidi na kukuza wimbi la nyuma, jambo ambalo mtelezaji wa ski moja hulichukia.

Hatua ya nne: Kata na uzibe

Chora kwa kutumia karatasi ngumu, zungusha pembe zote, kisha ukate. Pembe kali ndiyo inayozaa ufa. Usiguse mataruma, yaani mbavu zinazoimarisha mwili wa boti, hata kidogo. Tundu liishie angalau sentimita 5 kabla ya taruma. Vaa barakoa na miwani, kwani vumbi la faiba haliishii kwenye shati.

Kingo za plaiwudi zilizokatwa zinywe resini mpaka zishibe, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu kabla ya kuingia penginepo. Sehemu ya faiba ya zamani ikwanguliwe kwa msasa namba 80, ifutwe kwa asetoni, ndipo ulaze mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka mbili. Hadina (dawa ya kugandisha) ya resini ya poliesta iwe kati ya asilimia 1 na 2. Kwa kilo moja, mililita 20 ndio mwisho. Tulifanya kazi hii mwezi Julai, na wenyeji wa Moshi na Arusha wanaijua baridi ya Julai. Jioni ya kwanza resini ilikataa kukauka ikabaki inanata kama ulimbo. Dawa yake si kuzidisha hadina, bali kuanza kazi saa nne jua likiwa limetoka na kumaliza kabla ya saa tisa. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo maji safi yawe karibu muda wote.

Hatua ya tano: Mifuniko na njia za maji

Kila kabati liwe na tundu la kutolea maji kuelekea ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Wahenga waliposema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa wanalijua jambo hili: maji yote ya chombo hatima yake ni huko, na pampu nayo iko huko. Chini ya mizigo weka chanja za plastiki ili hewa ipite.

Mifuniko iwe na komeo la kuvuta na kufunga. Nilidhani uzito wa mto wa kiti ungetosha kuushikilia mfuniko, hadi tulipokuwa kwenye barabara ya kwenda Himo, boti ikiwa juu ya trela, mto ukapaa na kuangukia shamba la mahindi.

Maswali niliyoulizwa

Shikamoo fundi. Nipo Njiro, Arusha. Nina epoksi iliyobaki kutoka kazi nyingine. Naweza kuitumia na mkeka huohuo?

Marahaba. Mikeka mingi ya kawaida hushikiliwa kwa gundi inayoyeyushwa na resini ya poliesta, na epoksi haiyeyushi gundi hiyo, hivyo mkeka utabaki mgumu na wenye mapovu. Tumia epoksi pamoja na kitambaa cha faiba kilichofumwa.

Kaka, mtungi wa gesi wa kilo 6 unaweza kukaa kwenye kabati jipya chini ya kiti?

Hapana, dada yangu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kama ulivyo mvuke wa petroli. Ikivuja itashuka ngamani kupitia lile tundu la maji na kusubiri cheche. Mtungi ukae mahali pa wazi, ambapo gesi ikivuja itamwagika nje ya boti. Kwa sababu hiyohiyo, usizibe kwa mizigo mabomba ya hewa ya chumba cha injini. Betri ni kinyume chake: gesi yake hupanda, kwa hiyo kisanduku chake kinahitaji matundu juu.

Je, nikimaliza mabadiliko haya boti italazimika kukaguliwa upya?

Ukikata sakafu au kugusa povu, wasiliana na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, kabla boti haijabeba abiria. Piga picha kabla ya kufunika, ili mkaguzi aone kilichomo ndani bila kulazimika kukata tena.

Fundi, nitajuaje kama nimeharibu usawa wa boti?

Siku ya kwanza nenda na madumu ya maji badala ya watu. Weka alama ya utepe ubavuni, kushoto na kulia, usawa wa maji boti ikiwa tupu, kisha jaza makabati yako na utazame upande upi umezama zaidi. Yetu ililalia kushoto kwa vidole viwili. Tukahamishia betri kulia.